Bahari Chini ya Ngoro

Siku ya tatu baada ya maziko, Eustakia Ndunguru alirudi kazini, akaingia baharini na viatu vyake vya msibani, vumbi la makaburini bado limevishika.

Bahari yenyewe ilikuwa chumba kisicho na dirisha, katika kambi ya Kampuni juu ya kijiji cha Lihangweni, na maji yake hayakumlowesha mtu. Unasimama katikati, na mashine waliyoipa jina la Mshonaji inakuzungushia bahari iliyokufa zamani mno, kabla ya ndege, kabla ya ua la kwanza kuchanua duniani, katika zile zama ambazo wasomi wanaziita Zama za Makaa. Chini ya miguu yako tope jeusi laini. Kando yako konokono waliojiviringa, magamba yao yamegawanyika vyumba vyumba, na yungiyungi wa bahari, ambao si maua hata kidogo bali wanyama, wakipunga mikono yao kwenye mkondo. Wageni wa Kampuni wakiingizwa humo hutoka wanafuta macho. Eustakia naye alishawahi kulia humo, mwaka wa kwanza, kwa raha tu. Siku hiyo hakulia. Machozi alikuwa ameyamalizia kwenye kaburi la Baltazari, mtoto wa mdogo wake Fridolina, kaburi dogo ambalo wachimbaji walilimaliza kabla jasho halijawatoka.

Asiyetoka Umatengo huenda hajui ngoro, basi nimweleze. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba miraba mlimani. Wanawake huja na majembe, wakachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunikia zile nyasi, na mlima mzima ukabaki na vishimo kama sega la nyuki. Maharage yanaota kwenye kingo. Mvua ikinyesha, maji na udongo vinatua shimoni, hakuna kinachoteremka mtoni. Mababu waliijua kazi yao. Na tangu hao mababu, mtoto mchanga hulazwa ndani ya ngoro iliyo kavu, juu ya majani, upepo usimpige wakati mama yake analima. Eustakia alilazwa humo. Fridolina alilazwa humo. Baltazari alilazwa humo asubuhi moja ya baridi ya mwezi wa sita, na mama yake alipomfuata amnyonyeshe alimkuta amelala usingizi usiokuwa na kuamka.

Msibani Fridolina alikuwa akirudia neno lile lile kwa kila aliyekuja kumshika mkono. Kwamba alimchagulia mwanawe shimo zuri kuliko yote. Kwamba alilikagua kwanza. Kwamba hata siafu hawakuwamo, hata sisimizi mmoja, pasafi kama pamefagiwa. Wanawake wakaitikia kwa kichwa, wakisema Mungu ana mipango yake. Eustakia alikuwa anapitisha birika la chai, akasimama pale pale na birika mkononi, mpaka mtu akamwuliza kama anaumwa.

Shimo gani la Umatengo halina sisimizi?

*

Kazi ya Kampuni pale ilikuwa kuzika moshi. Hewa ukaa yote iliyofyonzwa kutoka miji ya pwani ilikuja kwa bomba, ikashindiliwa chini kabisa, kwenye mwamba wa mchanga wenye vitundu vidogo vidogo. Juu ya mchanga huo kulikuwa na kifuniko: tope la bahari ile ya kale, lililogeuka jiwe, zito, lisilopitisha kitu. Mwenye kuwaeleza wanakijiji habari hiyo alikuwa Eustakia mwenyewe, mjiolojia, binti wa hapo hapo, kwa lugha ya mama yao.

Aliwaambia kwamba palikuwa na mlima mkubwa upande wa machweo, uliokwisha zamani. Mlima mzito ukikua, ardhi iliyo mbele yake hubonyea, kama mtu mnene akiketi ukingoni mwa kitanda cha kamba. Palipobonyea bahari iliingia. Mito ya mlimani ikamwaga mchanga, bahari ikamwaga tope juu yake, na hilo tope ndilo kifuniko cha sufuria yetu. Watu walicheka, wakampigia makofi. Fridolina, wakati huo mwali, alipiga makofi kuwashinda wote.

Sasa Eustakia alisimama katikati ya bahari hiyo, akamwambia Mshonaji aondoe alichoshona na aache alichokiona kwa macho.

Maana mashine ile haikuwa imeona bahari. Ilikuwa imeona visima viwili, na magogo ya mawe yaliyotolewa humo kwa bomba, yenye unene wa mkono wa mtu. Ilikuta tope huku na tope kule, ikashona tope katikati. Kila mtu aliisifu kwa mshono wake, kwa kuwa haukuonekana.

Mshonaji, aliyepewa sauti ya bibi mpole, akamwonya kwamba kitabaki kidogo mno. Eustakia akamwambia amwachie hicho hicho kidogo.

Bahari ikazimika. Yungiyungi wakatoweka na konokono wakatoweka. Zikabaki nguzo mbili nyembamba za mawe, mbali mbali, na kati yake giza. Miaka yote hiyo alikuwa ametembea juu ya giza.

Akaiendea nguzo ya karibu, akaitazama pale tope linapokoma kwa juu. Kulikuwa na nyuzi nyeusi, nyembamba kama nywele, zikishuka ndani ya tope wima, zikigawanyika kadiri zinavyoshuka. Akauliza ni nini. Mshonaji akajibu kwamba ni mabaki ya miti iliyoelea kutoka nchi kavu, ikazama.

"Mizizi inaelea?" Eustakia akauliza.

Mashine ikazipitia nyuzi upya.

"Mizizi haielei," ikasema. "Mti huu uliota hapa."

Ukiota mti, pamekuwa nchi kavu. Kila mwanafunzi wa fani hiyo anafundishwa: katika zama zile barafu ilikuwa ikitanda nchi za kusini na kuyafunga maji, na kila ilipotanda, bahari za dunia nzima zilirudi nyuma. Sakafu ya bahari ikabaki uchi, miti ikaota, na mito ikashuka ikilikata tope. Kisha barafu ikayeyuka, bahari ikarudi, ikafunika yote kama kwamba hakikutokea kitu. Eustakia alimwagiza Mshonaji achore upya, na safari hii aweke mto.

Mto ukaja. Ulipita katikati ya visima viwili bila kugusa hata kimoja, ukalichimba lile tope mpaka chini, ukalitoboa, kisha ukajazwa mchanga. Mchanga juu ya mchanga, njia wazi tangu tumbo la sufuria hadi nje. Eustakia akaufuata kwa macho ukipanda, ukipanda, mpaka unapotokeza juu ya ardhi ya leo. Hakuhitaji kuambiwa ni wapi. Aliujua mteremko ule, aliokota kuni pale akiwa mtoto. Ulikuwa shamba la Fridolina. Na kando ya mto mkubwa zilikuwako alama za vijito, vitatu au vinne, ambavyo mashine ilikiri kwamba haijui vinatokeza kwenye mteremko upi.

"Mbona hukuniambia?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayegombana na ndugu.

"Hamkuniuliza katikati kuna nini," Mshonaji akajibu. "Mliniambia nishone."

*

Injinia Mwasi, mkuu wa kambi, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomwumiza Eustakia zaidi. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliutazama mto wa mchanga, akakaa chini, akashika kichwa. Hakubisha. Alieleza mwenyewe, bila kuulizwa, jinsi hewa ukaa ilivyo nzito, jinsi asubuhi za baridi zisizo na upepo inavyotambaa ardhini na kutuama kwenye mashimo kama maji, haina harufu, haina rangi. Anayesimama anaipita kwa kichwa. Anayelala humo hana bahati.

Kisha akasema ya kwake. Mama yake alikufa pwani mwaka wa joto kuu, ndani ya nyumba yake, madirisha wazi, mwaka ambao mochwari zilijaa wakalaza watu barazani. Tangu visima vilipoanza kumeza moshi, joto halijapanda tena. Wakifunga pampu leo, alisema, huko pwani watakufa watoto wengine ambao wao wawili hawatawajua majina. Akaomba siku moja. Angeweka uzio kwenye mteremko ule, waseme udongo umeingia ugonjwa, watu wakae mbali, na pampu zipunguzwe taratibu bila kuzimwa. Hakuna mtu angelaza tena mtoto pale, na hakuna haja ya kijiji kujua zaidi.

Eustakia akasema kijiji kina haki ya kujua.

"Na mdogo wako je?" Mwasi akauliza kwa upole. "Utamwambia alimlaza mwanawe wapi?"

Hapo ndipo alipomshika. Maana Fridolina alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu duniani, lile shimo zuri. Kila mtu alikuwa akimwambia mtoto amechukuliwa na Mungu, naye alikubali, kwa kuwa alijua kwa upande wake alifanya yote. Kumnyang'anya hilo kulikuwa kumzika mtoto mara ya pili, na safari hii kwa mikono ya mama yake.

Eustakia akakubali siku moja. Siku moja tu, eti! Kesho yake asubuhi alisimama kwenye uzio wa kambi, shali mabegani, akatazama milima ya mbele. Ukungu ulikuwa umelala na upepo haukuwapo. Wanawake walikuwa wametawanyika kwenye miteremko wanang'oa maharage, na hapa na pale, kwenye ngoro, rangi ya kanga iliyomviringisha mtoto. Alijiambia kwamba hakuna anayelima kwa Fridolina wakati huu wa msiba. Alijiambia kwamba vijito havijathibitishwa. Alisimama pale mpaka jua likatoka na upepo ukaanza, hana amani, akihesabu kila kanga iliyoinuliwa. Zote ziliinuliwa. Akapumua, na hapo hapo akajiona mtu mbaya.

*

Jioni alikwenda kwa mdogo wake.

Fridolina alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda mbele ya moto, anakunja nguo za mtoto. Maziwa yalikuwa bado yanamjaa. Kanga ilikuwa imelowa kifuani pande zote mbili na hakujishughulisha kuibadilisha. Mumewe alikuwa nje na wanaume. Mama mkwe wake, Bi Skolastika, alikuwa nyumba ya pili, naye tangu maziko hajamsemesha mkwewe hata salamu. Hakumlaumu kwa maneno. Alinyamaza tu, na mwanamke yeyote aliyeolewa anajua kunyamaza huko.

Walikaa. Walizungumza habari za ng'ombe, habari za kuni. Kisha Fridolina akasema, macho yake kwenye vinguo, kwamba anamshukuru Mungu kwa jambo moja, kwamba alimlaza mtoto pazuri.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Eustakia hakuwa amezaa. Lakini alimbeba Fridolina mgongoni mpaka mabega yake yakaota sugu, na alipolisikia neno lile moyo wake ulipasuka. Alitamani kuondoka. Alishika hata mlango. Ila akaziona zile kanga za asubuhi, moja moja, kwenye ukungu.

Akarudi akakaa chini sakafuni, miguuni pa mdogo wake, akamwambia. Hakusema habari za zama wala barafu. Alisema kuna mto wa kale chini ya shamba, umejaa mchanga, na hewa mbaya tuliyoizika inapanda humo. Kwamba inatuama mashimoni. Kwamba sisimizi ndio wanaotangulia kufa, ndiyo maana shimo lilikuwa safi.

Fridolina hakupiga ukelele. Aliendelea kukunja soksi moja ndogo, akaikunja na kuikunjua, akaikunja tena. Moto ulishuka na hakuna aliyeuchochea.

"Nilikuwa pale pale, dada," akasema mwishowe. "Hatua chache tu. Nililima asubuhi nzima. Mbona mimi sikufa?"

"Kwa sababu ulikuwa umesimama."

Soksi ikamtoka mkononi. Eustakia alimshika magoti, akalia yeye, mkubwa, kwa niaba ya wote wawili. Alisema kosa si lake Fridolina, ni letu, ni langu, mimi ndiye niliyewaambia kifuniko ni kizima. Aliyasema hayo mara nyingi mno. Fridolina alimwacha amalize. Kisha akamwuliza amejua lini.

"Jana mchana."

"Na leo asubuhi wanawake wamelima wapi?"

Eustakia akaiokota soksi sakafuni.

"Mimi sikujua, dada," Fridolina akasema, wala hakupaza sauti. "Wewe ulijua."

*

Alfajiri haikuwa na upepo. Eustakia alipitia kambini kwanza, akaiacha kadi yake ya mlangoni mezani kwa Mwasi, akamwambia hangoji uzio. Mwasi alimwomba tena afikirie watu wa pwani. Alimjibu kwamba anawafikiria, na ilikuwa kweli. Mama wa Mwasi alikuwa amemkalia akilini usiku kucha, mzee wa watu, madirisha wazi. Ila kanga za mlimani nazo zilikuwa mbele ya macho yake.

Alimkuta Fridolina njiani amemtangulia. Hakuwa amemsubiri. Mkononi alishika mshumaa mrefu mweupe wenye utepe, mshumaa wa ubatizo wa Baltazari, uliowashwa mara moja tu kanisani na kuwekwa kabatini hadi atakapopata komunyo.

Wanawake walikuwa wanalima kwa zamu, siku hiyo kwa Bi Skolastika, mteremko wa pili kutoka ule wa msiba. Walipomwona mfiwa anapanda kabla hata matanga hayajaondolewa, wakaacha kuimba. Mmoja akataka kumpokea, mwingine akamvuta. Wote waliogopa kwamba akili zimemruka. Bi Skolastika aliegemea jembe lake akatazama pembeni.

Fridolina hakuwasalimu. Alitembea kingo kwa kingo akichungulia mashimo, mpaka akapata moja kavu, safi, lisilo na mdudu. Akapiga kiberiti. Mwali ulisimama wima, maana hewa ilikuwa imetulia kabisa.

"Nishike," akamwambia dada yake.

Eustakia alimshika kiunoni kwa nguvu zote asiiname zaidi ya mkono wake, na Fridolina akaushusha mshumaa polepole ndani ya ngoro. Ulipita usawa wa paja ukiwaka. Ulipita goti, ukafika ukingoni mwa shimo. Chini ya ukingo ukazimika, bila upepo, bila mtu kupuliza. Moshi wake haukupanda. Ulitanda bapa pale pale, ukaonyesha uso wa kitu kilichokuwa kimejaa shimoni.

Akauinua, akauwasha tena, akaushusha. Ukazimika pale pale. Wanawake walikuwa wamesogea, majembe mabegani. Bi Skolastika aliutazama mshumaa, akalitazama shimo, kisha kwa mara ya kwanza tangu maziko akamtazama mkwewe machoni.

"Chukueni watoto," Fridolina akasema.

Alisema taratibu, kama mtu anayemwagiza jirani chumvi. Ilipita nukta moja ambayo hakuna aliyeelewa. Kisha majembe yakaanguka. Walikimbia kila mmoja upande wake, wakaruka kingo, wakakanyaga maharage waliyoyapalilia wenyewe, wakiita majina. Kanga zikainuliwa. Mtoto mmoja alilia mara moja, na mwingine. Wa Klemensia, wa shimo la chini kabisa, hakulia. Kichwa kilimwangukia begani kama cha mwanasesere, na mama yake akampandisha juu kingoni akampepea, akampiga mgongoni, akamwita, akamwita, mpaka akakohoa, akavuta pumzi, akalia kwa hasira kilio ambacho mlima mzima ulikisikia.

Eustakia aliketi chini. Kutoka alipoketi aliuona mteremko wote, na wanawake wote wameinama, kila mmoja amejikunja juu ya wake.

Fridolina peke yake, mshumaa umezima mkononi, alibaki amesimama.